Greda ya Vitofali vya Kiberiti

Tuliokuwepo ni hawa. Mama yangu Hhoki, ambaye watu walimwita Mama Boay kwa jina la mwanawe wa kwanza. Baba yangu Lohay, aliyelima shamba letu asubuhi, na kazi ikiwepo akaenda kupalilia kahawa kwenye shamba la mzungu. Kaka yangu Boay, aliyenizidi umri kidogo tu lakini kwa kutoa amri alinizidi sana. Mimi. Upande wa pili wa korongo alikaa Mama Matle, rafiki wa mama tangu wote wawili wakiwa wasichana, na ng'ombe wake mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Na Jumanne, Mnyaturu wa Singida, dereva wa greda ya serikali, ambaye pale kijijini kwetu Qurus hakuwa ndugu wa mtu yeyote. Mdogo wetu Amsi naye namhesabu, ila wakati huu ninaousema alikuwa ameshazikwa.

Wote hao, isipokuwa mimi, sasa wamekwenda. Wa mwisho alikuwa Boay, na tumemzika juzi juzi hapa. Nilikaa kwenye kiti karibu na kaburi maana miguu hainibebi tena, na vijana walipofika chini wakaanza kutupa juu ule udongo mwekundu wenye unyevu. Harufu yake ikanipanda puani. Wenzangu mliokulia huku mnaijua harufu hiyo. Ni ya udongo ambao haujaona jua, baridi, kama ya mtungi mpya. Mchungaji alikuwa anasoma, nami sikusikia neno. Nilikuwa mtoto tena, nimechuchumaa kando ya kijito nikiwa na ganda la kiberiti mkononi, na Boay ananigombeza kwamba nimesahau jivu.

Watu walikuja wengi kwenye msiba. Walilala mpaka uani, walipika, waliimba, walinishika mikono. Halafu wakaondoka, kila mtu ana shughuli zake, siwalaumu. Nimebaki hapa Karatu mjini kwa binti yangu Paulina, ninayekaa kwake. Yupo pia mjukuu wake, Upendo, ambaye kwangu ni kitukuu. Baba wa Upendo anaendesha watalii kwenda kreta ya Ngorongoro, na mgeni mmoja alimpa sanduku la vitofali vya plastiki, vya rangi rangi, vinavyong'ang'aniana vyenyewe bila udongo. Mtoto anakaa navyo mkekani kutwa nzima. Anajenga katapila, anajenga tipa, anajenga watu wenye kofia za kazi. Mimi namtazama tu. Nimechoka, ndugu zangu. Siyo uchovu wa kulala ukaisha. Lakini ile harufu haijanitoka, basi acha niandike, kwa elimu yangu ya darasa la nne, kabla nami sijanyamaza.

Amsi alikufa kwa surua akiwa bado ananyonya. Kwetu sisi Wairaqw, zamani zile, mama aliyefiwa na mtoto wa kunyonya hakutembelewa. Aliingia kwenye kutengwa, tulikoita metimani, yeye na nyumba yake yote. Hakuna aliyekuja kwetu kuomba moto, wala sisi hatukwenda kuomba kwa mtu. Ng'ombe wetu walichungwa peke yao. Maji mama aliyachota chini kabisa ya kijito, mahali ambapo baada yetu hakuna nyumba nyingine ya kuyanywa. Haikuwa adhabu, na hakuna aliyemchukia. Watu waliogopa kwamba kifo kile kinaweza kupita kwenye kata ya maji, kwenye jivu, kwenye unyayo, kikaingia kwa mtoto wa mwingine. Mama mwenyewe aliogopa hivyo hivyo. Angekuwa yeye upande wa pili wa korongo, naye asingevuka.

Baba alikata tawi bichi akalilaza kukatiza njia inayoingia kwetu, mtu asije akaingia kwa kutojua. Sisi watoto hatukuelezwa kitu. Tuliambiwa, "Msivuke pale." Basi.

Sasa mimi tawi njiani nilikuwa nalijua. Barabara kuu haikuwa mbali na kwetu, ile inayopanda msituni kwenda Ngorongoro, na mara nyingi nilikuwa nimeona lori la mahindi limezama kwenye tope, na utingo anakata matawi na kuyalaza barabarani, hapa na pale, kuwaonya wengine kwamba mbele pameharibika. Hata leo madereva wanafanya hivyo. Kwa hiyo nilipoona tawi la baba, nilielewa mara moja, kwa akili yangu. Njia yetu imeharibika. Na kweli mvua ilikuwa imechimba mfereji katikati yake. Ndiyo maana Mama Matle haji. Ndiyo maana hakuna mtu anayekuja kukaa na mama. Wanataka kuja, njia ndiyo imewashinda.

Na mama alikuwa anaisha. Hilo nililiona bila kuelezwa. Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, ya kuezekwa kwa udongo, giza ndani hata mchana, naye alikaa kwenye giza lile mgongo kwa mlango. Alipika, akatupakulia, akarudi kukaa. Chakula chake kiliganda kwenye kibakuli mpaka kuku wakakipata. Baba alisema naye kwa upole, akasema naye kwa ukali, akaacha. Jioni moja nilimsikia akimwambia Boay, kama vile Boay ni mtu mzima mwenzake, "Mama yako asipokula, mvua zijazo hatutakuwa naye." Boay hakulia. Alinishika mkono akaniminya sana mpaka nikalia mimi.

Mama Matle ndiye aliyekuwa na akili. Kuvuka hawezi, kuongea na mama hawezi. Basi akawa anamleta ng'ombe wake kuchunga kwenye ukingo wake wa korongo, akasimama hapo na fimbo, akapaza sauti akiongea na ng'ombe.

"Wewe ng'ombe! Mbona unakula nyasi vizuri hivyo? Wenzako wa ng'ambo wamekula leo?"

Ng'ombe anatafuna.

"Nakuuliza wewe! Binti wa dada yangu ameolewa, mahari yenyewe mbuzi wamekonda kama fito. Unasikia? Unacheka?"

Kila siku alikuja na habari. Nani amejifungua, nani amegombana na mumewe kwa sababu ya pombe, nani ameanguka mtoni na mzigo wa kuni. Alizisema zote kwa ng'ombe, kwa sauti ya kusikika mpaka kwetu. Kisha anamaliza kwa swali lile lile: "Ng'ombe wangu, wa ng'ambo amekula?" Anasubiri. Mama, mle gizani, hajibu. Na Mama Matle anampiga ng'ombe wake kofi la mgongo na kuondoka naye polepole, akigeuka nyuma.

Mimi nikamwambia Boay, "Tutengeneze njia."

Hakunicheka, na hicho ndicho ninachomshukuru mpaka leo. Aliona serikali inavyotengeneza. Msimu ule walikuwa wameleta greda na katapila kuifungua barabara baada ya mvua, na tulikuwa tumejilaza kwenye mahindi kuziangalia mpaka macho yakauma. Boay akasema, "Njia haitengenezwi kwa jembe. Inatakiwa mashine."

Mashine tulizijenga kwa vitofali. Udongo tuliuchimba kando ya kijito, kwenye ubavu wenye unyevu. Kalibu yetu ilikuwa ganda la kiberiti, lile la ndani linalotoka kama droo. Baba alivuta tumbaku, kwa hiyo maganda yalipatikana. Unanyunyiza jivu kwanza, udongo usigande, unashindilia kwa kidole gumba, unapindua juu ya jani la boga, unagonga mara moja. Kitofali kinatoka, kidogo, kizuri, pembe zake zote nne zikiwa kamili. Ukisahau jivu kinatoka hakina kichwa, na hapo Boay anakuita majina. Tulivianika kivulini visipasuke. Vikikauka tulivipanga kwa udongo laini: huku kichwa cha katapila, huku tumbo, huku moshi unapotokea tumechomeka bua. Minyororo yake ilikuwa gamba la mgomba. Magurudumu ya greda yalikuwa magunzi ya mahindi yaliyokatwa vipande, na bleda yake, ule upanga wa kukwangua, ilikuwa kigae cha kibuyu.

Tatizo ni kwamba mashine ya vitofali haivutiki. Ukiivuta inabomoka. Kwa hiyo greda yetu ilikwangua pale ilipo, kisha tukaibomoa kitofali kwa kitofali, tukaijenga tena mbele kidogo, ikakwangua, tukaibomoa. Hivyo ndivyo ilivyotembea. Kutoka mlangoni kwa mama, ikapita zizini, ikapita kwenye shina la mnyaa, kuelekea kwenye tawi. Boay ananguruma kwa mdomo, mimi nabeba. Nilichoka mpaka nikalala na udongo kwenye kucha. Mama alituona, maana greda ilianzia miguuni pake. Hakuuliza tunafanya nini.

Tulipofika kwenye tawi, kazi ikasimama. Mimi nilitaka tulisogeze. Boay akakataa.

"Baba amesema tusivuke."

"Hatuvuki. Greda ndiyo inavuka."

"Greda inaendeshwa na nani, mjinga wewe?"

Tulikuwa kwenye ubishi huo, tumechuchumaa, wakati miguu miwili mikubwa ilipotokea upande wa pili, imevaa viatu vya matairi. Miguu ikanyanyuka, mmoja, wa pili, ikaruka tawi, ikatua kwenye barabara yetu. Nikaangalia juu. Mtu mrefu, suruali imejaa vumbi na grisi, debe tupu mkononi.

Nilijua ni nani. Nilikuwa nimemwona juu ya greda. Na moyo wangu uliruka, kwa sababu niliamini kabisa, bila shaka hata kidogo, kwamba amekuja kwa sababu ya njia yetu. Tumeitengeneza, na mtu wa kwanza ameshapita.

"Hodi wenyewe," akasema kwa Kiswahili. "Rejeta yangu inachemka. Naomba maji."

Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokota. Boay alijua maneno machache ya shambani kwa mzungu. Mama alikuwa ametoka mlangoni, na uso wake sitausahau, ulivyojaa hofu. Akatuambia kwa lugha yetu, haraka haraka, "Mwambieni aondoke. Mwambieni hapa hapanywewi maji."

Boay akakusanya Kiswahili chake chote. "Hapana maji. Toka."

Jumanne akamtazama, akautazama mtungi uliokuwa pale pale kivulini, umejaa. Akacheka. "Hapana maji? Na huu umejaa nini, bwana mdogo, maziwa ya tembo?" Akachukua kata, akachota, akanywa yote akiwa amesimama, akachota tena akanywa. Akajaza debe lake. Kisha akafuta mdomo, akamkabidhi mama kata kwa mikono miwili, kama mtu aliyefundwa kwao, akainama kidogo. "Ahsante sana, mama. Mungu akujalie."

Mama akabaki ameishika ile kata. Tangu Amsi azikwe, hakuna mtu wa nje aliyekuwa ameweka kitu kwenye mkono wake.

Wakati wa kutoka Jumanne aliona greda. Akaweka debe chini. Akachuchumaa, magoti yakalia, akaizunguka kwa macho. "Hii ni yangu hii!" akasema. "Ila bleda mmeiweka wima, itachimba mashimo. Ilazeni hivi, kwa pembeni." Akaugeuza ule upanga wa kibuyu kwa vidole viwili. "Na barabara yenu haina mgongo. Maji yatakaa katikati. Ipeni mgongo, yamwagike huku na huku." Sisi hatukuelewa maneno, tulielewa mikono. Boay alipomwonyesha jinsi greda inavyosogezwa, kwa kubomoa na kujenga, Jumanne alishika kichwa. "Jamani! Na mimi nilikuwa nalalamika ya kwangu ni nzito."

Kesho yake akarudi bila debe, na uso umekunjamana. Baba alikuwepo. Mazungumzo yao yalikuwa ya Kiswahili, na baba ndiye aliyetusimulia uzeeni mwake, nilipokuwa nimeshajua maana ya tawi, kila akinywa kidogo, kwa hiyo nayajua kama nilikuwa mdomoni mwao.

"Mzee, mmenifanya nini? Asubuhi nimekaa kwenye sufuria ya uji kambini, vibarua Wambulu wenzenu wote wamenyanyuka. Wote! Kama nimekuja na nyuki mfukoni."

"Umevuka tawi," baba akasema.

"Tawi gani?"

"Lile ulilosimama karibu nalo."

Jumanne akaligeukia. "Mzee wangu, mimi ni mtu wa barabara. Nikiona tawi najua gari limeharibika mbele. Nikasema, kwenye kinjia hiki limepita gari gani? Nikavuka."

Hapo baba alicheka, na kwa kusimulia kwake alicheka huku machozi yanamtoka, maana ndiyo mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akamweleza. Mtoto amekufa. Mama ametengwa. Aliyekunywa maji ya nyumba hii naye wenzake watamkaa mbali mpaka ipite muda.

Jumanne akauliza, siyo kwa ubishi, kama mtu asiyeelewa kweli, "Kwetu ukifiwa watu wanakujazia nyumba mpaka unakosa pa kuweka mguu. Wanakulisha kwa nguvu. Ninyi huyu mama mmemwacha na nani?"

"Ndivyo ilivyo," baba akasema. Na nadhani alikuwa amechoka kulisema hilo hata kwa nafsi yake.

"Basi," Jumanne akasema, "mimi nimeshachafuka. Kwenye sufuria yao sikubaliki. Nitakula wapi?"

Ndivyo ilivyoanza. Kila mchana, mashine ikizimwa kwa chakula, alikuja kwetu. Alivuka tawi kwa kuruka, kwa mbwembwe, ili sisi tucheke. Mama hakuwa na namna, mgeni amekaa kwake, lazima apike. Kwanza alimwekea chakula mlangoni na kurudi gizani. Jumanne akakataa kula. Alikaa tu, mikono magotini, chakula mbele yake kinapoa.

"Mwambie mama," akamwambia Boay, "kwetu mwanamume hali peke yake kama fisi. Mwenye nyumba asipokula, mimi nanyanyuka naenda kwenye mashine na njaa yangu."

Boay akatafsiri alivyoweza. Hilo la fisi alilitafsiri vizuri.

Mama akatoka. Akakaa mbali, karibu na ukuta, akamega tonge dogo, akalitia mdomoni kama mtu anayemeza dawa. Jumanne hakumtazama. Akaanza kula, akituambia sisi habari za karavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Barabara bila karavati, alisema, maji yataikata tu, hata uipe mgongo namna gani. Tukajenga karavati kwenye ule mfereji uliochimbwa na mvua, kwa vitofali vya kiberiti, na shingo ya kibuyu kilichovunjika ndiyo bomba lake. Mama akala tonge la pili akiwa anatuangalia tukibishana.

Siku moja, tena katikati ya habari nyingine, Jumanne akauliza, "Huyo mtoto aliitwa nani?"

Jina la Amsi lilikuwa halitajwi. Baba alitaka kumkatisha, lakini Boay alikuwa ameshatafsiri, mdomo wake ulikuwa mwepesi. Nilidhani atarudi ndani. Akasema, "Amsi." Kisha akaendelea, kwa lugha yetu, kwamba alizaliwa wakati wa giza ndiyo maana ya jina, kwamba alikuwa na nywele nyingi, kwamba alianza kushika kidole cha mama na kukataa kukiachia. Jumanne hakuelewa hata neno moja zaidi ya jina. Alitikisa kichwa mpaka mama akamaliza. "Amsi," akarudia, akalisema vibaya, na mama akamsahihisha.

Alasiri hiyo Mama Matle alikuja kwenye ukingo wake kama kawaida. Akasema habari zake kwa ng'ombe, nyingine za uongo nadhani, maana habari zinaisha. Akafika kwenye swali.

"Ng'ombe wangu, wa ng'ambo amekula?"

Mama alikuwa uani anapepeta. Tulikuwa na mbuzi mmoja jike amefungwa hapo. Mama akaweka ungo chini, akamsogelea yule mbuzi, akamshika pembe. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika.

"Wewe mbuzi," akasema kwa nguvu. "Mwambie ng'ombe nimekula."

Kisha tukasikia Mama Matle analia kwa sauti, huku anampiga ng'ombe wake makofi ya mgongo, pa, pa, pa, mpaka ng'ombe akakimbia, naye akamkimbilia na kanga yake inaburuta. Kuanzia hapo kila alasiri mbuzi na ng'ombe waliongea. Wengine walioishi karibu walikuwa wanakuja kusikiliza, wanajifanya wanachanja kuni.

Greda ya serikali ikasogea. Ndivyo kazi ya barabara ilivyo. Jumanne alikuja kutuaga akamwachia Boay boliti moja kubwa, iliyochakaa, akamwambia ni ya moyo wa mashine. Akaruka tawi kwa mara ya mwisho akaenda zake, kupanda msituni. Hatukumwona tena. Nilimtafuta kwenye kila greda mpaka nilipoolewa, na hata baada ya hapo. Mvua zilizofuata zilipokuja mama alikuwepo. Wazee wakafanya yale yanayofanywa kumtoa mtu metimani, baba akalitoa tawi, limeshakauka na kubaki fito, na Mama Matle akavuka. Mimi nilikuwa mlangoni nimesimama kwa fahari kubwa, kwa sababu alipita juu ya barabara yetu, akaruka karavati letu, na niliamini mpaka nilipokuwa mwanamke mzima, na watoto wangu wenyewe, kwamba njia ilikuwa mbovu na sisi wawili ndio tulioitengeneza. Aliyenieleza ukweli ni mama mwenyewe, nilipofiwa na mtoto wa kwangu. Desturi ilikuwa imelegea wakati huo, watu wakaja. Aliniambia nikiwa nimelala mapajani pake. Sikupenda kuujua.

Boay alifyatua matofali maisha yake yote. Nyumba nyingi za hapa Karatu zimepita mikononi mwake. Hata alipokuwa mzee wa kutetemeka, akipita mahali vijana wanafyatua, alisimama kuwauliza jivu liko wapi. Ile boliti tumeizika naye, niliiweka mwenyewe, watu wakadhani ni kitu cha kanisa.

Sasa nirudi hapa nilipokaa. Tangu mazishi chakula kimekuwa kikinirudi. Paulina analeta, anaondoa, hasemi, lakini namsikia jikoni anavyoweka sufuria kwa kishindo. Jana alimwambia jirani mlangoni, akidhani masikio yangu nayo yamezeeka, "Mama asipokula, sijui." Hakumalizia. Mimi mwisho wake naujua tangu utotoni.

Leo Upendo alitandaza barabara ya vitofali vya plastiki kutoka mkekani mpaka kwenye kiti changu. Nyekundu, njano, bluu. Akaleta greda aliyoijenga, ina magurudumu ya kweli, akaisukuma mpaka ikagonga kidole changu cha mguu. Haikubomoka. Akanitazama.

"Bibi, mbona huongei?"

"Nimechoka, mwanangu."

"Hata kula umechoka?"

Nikaitazama bleda ya greda yake. Ilikuwa wima. Nikainama, mgongo ukalalamika, nikailaza kwa pembeni. "Hivi," nikamwambia. "Ikiwa wima itachimba mashimo." Naye akafurahi kama nimempa peremende.

Kuna paka hapa nyumbani, mvivu, analala chini ya kiti changu. Nikamwangalia. Nikajisikia aibu kidogo, mwanamke mzima na wajukuu na vitukuu. Kisha nikapaza sauti ifike jikoni.

"Wewe paka. Mwambie Paulina alete uji, lakini asitie sukari nyingi."

Sufuria zikanyamaza. Upendo alicheka mpaka akalala chali juu ya barabara yake. Na Paulina alipotoka na bakuli alikuwa anafuta macho kwa kanga, akijidai ni moshi, na sisi tunapikia gesi.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka, na nilikuwa mtoto, na mtoto anaona kwa urefu wake. Wa Qurus mliobaki, wa rika langu, mkiona nimekosea mnisahihishe. Huenda tawi halikuwa desturi ya wote, lilikuwa la baba tu. Huenda Jumanne alikuwa wa Iramba na siyo Mnyaturu. Majina ya watu ninayo yote, mnanijua. Ila ng'ombe wa Mama Matle, yule mweusi mwenye doa, alikuwa na jina lake, na Mama Matle alimwita kwa jina hilo kila alasiri, nami hapa nimeandika "ng'ombe" tu kwa sababu limenitoka. Niliyekuwa namuuliza mambo kama hayo ni Boay. Kama kuna anayelikumbuka, anitumie mtu aje kuniambia. Njia ni nzuri, apite tu mpaka ndani.